MASHINE YA KUCHOMELEA YA MTUMBA: KUKAGUA, KUFUFUA NA KUUZA BILA KUMPELEKEA MTEJA MSIBA

Wiki hii inbox imejaa swali moja: "Admin, nimeona mashine ya kuchomelea used inauzwa laki na nusu, nikiifanyia usafi nikaiposti naweza kupata faida?" Jibu ni ndiyo, inawezekana. Ila biashara hii sio kama ya viatu. Kiatu kibovu kinamuudhi mteja, mashine mbovu inaweza kumuua. Kwa hiyo leo nitaandika kirefu kidogo, chukua chai yako tukae.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Niliwahi kununua mashine ya transfoma, zile nzito za kizamani zenye hendo ya kuzungusha. Nikasugua kutu, nikapiga rangi ya bluu, nikabadilisha holda, nikajaribu rodi mbili, ikachoma vizuri kabisa. Nikaposti, kesho yake ikaondoka. Siku ya nne mteja ananipigia: "Kaka, mashine yako imempiga shoti kijana wangu, yuko hospitali." Dogo alikuwa pekupeku, sakafu ina maji, akashika bodi. Mungu alisaidia akapona. Nilirudisha hela yote, nikachangia matibabu, na jamaa alishaandika kwenye magrupu mawili kwamba mimi ni muuaji. Sikumlaumu. Tulipoifungua tukakuta waya wa umeme unaoingia umesuguliwa na ukingo wa bati mpaka ganda limeisha, na waya wa ethi ulikatwa zamani na mtu aliyefunga plagi ya pini mbili. Mimi nilijaribu kama inachoma. Kama bodi ina umeme sikujaribu.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe.

KABLA YA KUTOA HELA

Kwanza jua bei ya mpya. Zamani mtu alikuwa hana ujanja, mashine ni transfoma basi. Siku hizi inveta ndogo za kubeba begani zimejaa madukani, na bei zake zimeshuka. Ukinunua mtumba halafu ukaongeza waya, holda na fundi, unaweza kujikuta unauza bei sawa na inveta mpya ya dukani, na hakuna atakayekuja. Pita Gerezani kama uko Dar, au mtaa wa vifaa wa mji wako, uliza bei tatu nne, ziandike. Hapo ndipo unajua mwisho wako wa kununulia.

Pili, soma kibati cha maelezo. Sio stika kubwa ya mbele iliyoandikwa MMA-300 kwa rangi nyekundu, hapana. Kile kibati kidogo cha nyuma au chini chenye herufi na namba. U1 ni umeme unaoingia. U0 ni umeme unaotoka kabla hujagusisha rodi. I2 ni ampia za kuchomelea. X ni asilimia ya muda wa kazi, na hii wengi wanairuka. Hesabu yake inafanywa kwa dakika 10. Ukikuta X ni 60% kwenye ampia 160, maana yake kwa ampia hizo unachoma dakika 6 na kuipumzisha 4. Ukikuta 20%, unachoma dakika 2 unakaa 8. Mteja wa kuunga kiti cha nyumbani hatalalamika. Mteja mwenye kiwanda cha mageti ukimpa hiyo ya 20% atakurudishia kabla wiki haijaisha, na yeye ndiye mwenye haki.

Stika za uongo zipo nyingi, na unaweza kuzikamata kwa hesabu ya darasani. Rodi ikiwa inachoma kwa ampia 300, volti pale kwenye moto huwa kama 32. Zidisha: 300 mara 32 ni wati 9,600. Gawanya kwa 230 za umeme wetu wa nyumbani, unapata zaidi ya ampia 41, na hapo bado hujahesabu unaopotea kwa joto. Sasa angalia waya unaoingia kwenye hiyo mashine. Ni mwembamba kama wa pasi, na umefungwa plagi ya ampia 13? Plagi ya 13 inapitisha kama wati 3,000 tu. Hiyo mashine haijawahi kutoa 300 hata siku moja. Inawezekana bado ni mashine nzuri, ila iuze kama mashine ya rodi ya 2.5, sio ya 300.

Tatu, fezi. Mashine ya fezi tatu itakuja kwa bei ya kutupa, utafurahi. Halafu utagundua wateja wako wote wana umeme wa fezi moja. Usiinunue mpaka uwe na mnunuzi mkononi.

Nne, na hapa watu wanaunguza hela sana: volti za nchi ilikotoka. Mzigo wa mtumba unakuja kutoka kila kona. Vifaa vya Japani ni vya volti 100, plagi yake ina pini mbili bapa. Vya Marekani ni 120. Vya site za Uingereza vina plagi ya njano ya duara, hivyo ni 110. Grenda ya Makita ya volti 100 ukiichomeka kwenye 230 yetu inanguruma sekunde chache kama pikipiki ya mashindano, halafu moshi. Umemaliza. Inaweza kutumika ukiwa na transfoma ya kushusha umeme, lakini transfoma hiyo lazima iizidi grenda kwa wati. Ile ndogo ya wati 300 ya kuwashia redio ya Japani haiwezi kubeba grenda ya wati 1,000. Kwa hiyo ukinunua kifaa cha 100 au 110, weka bei ya transfoma kwenye hesabu, na kwenye posti andika volti mstari wa kwanza kabisa, kwa herufi kubwa.

Tano: mali ya nani? Fundi akilala, vifaa vyake ndivyo vinavyoibwa kwanza, kwa sababu vinabebeka na vinauzika haraka. Ukiletewa grenda mbili na drili usiku kwa bei ya elfu ishirini, unajua kabisa hiyo ni nini. Kununua mali ya wizi ni kosa la jinai, na wewe unayeposti picha mtandaoni ndiye rahisi zaidi kukamatwa, mwenye mali anaiona tu akiwa anaperuzi. Mimi napiga picha kibati chenye serial namba, naandika karatasi ya mauziano, nachukua nakala ya kitambulisho na namba ya simu ya muuzaji, na shahidi mmoja anasaini. Muuzaji akikataa karatasi, namuaga kwa amani.

KUJARIBU PALE PALE

Muuzaji atakuonyesha cheche. Atagusisha rodi ya 2.5 kwenye chuma, "unaona? inapiga!" Cheche sio kuchomelea. Wewe nenda na rodi zako za 3.2 na kipande cha chuma. Omba uchome rodi nzima mwanzo mpaka mwisho kwa ampia kama 110 hivi, halafu unganisha ya pili bila kupumzika. Mashine yenye ugonjwa itaonekana hapo: itazima, itaanza kunata rodi, au utasikia harufu ya vanishi inayoungua. Harufu hiyo ikitoka, ondoka. Kusuka upya koili za transfoma ni gharama ambayo kwa mashine ya mtumba mara nyingi hairudi.

Mlio nao unaongea. Transfoma kuunguruma ni kawaida. Ikitetemeka kama sufuria ya mabati, mara nyingi ni bati za ndani zimelegea, bolti zikikazwa inatulia. Hapo una nafasi ya kushusha bei, kwa sababu muuzaji anadhani imekufa.

Kwa inveta, sikiliza feni na chungulia kwenye matundu kwa tochi ya simu. Adui wa inveta ni vumbi la chuma la grenda. Linaingia, linakaa juu ya bodi, siku ya unyevu linaunganisha mahali pasipotakiwa, pwaa. Inveta yenye vumbi ila inafanya kazi ni ya kununua. Inveta ambayo "imekata tu feni, fundi atarekebisha" mimi siigusi, labda kwa bei ya vipuri.

Angalia pia nyaya za kuchomelea. Kwangura kidogo ncha kwa kisu. Kama nyekundu inatoka na ndani ni nyeupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa kopa, inapata moto haraka na mashine itaonekana dhaifu hata kama ni nzima. Kopa halisi ni nyekundu mpaka katikati. Wananunuzi wengi wanasahau kwamba nyaya ni nusu ya thamani, na nyaya za kopa za milimita 16 au 25 za mraba sio za kuchezea bei.

KUIFUFUA

Ukifika nyumbani usiiwashe. Ifungue kwanza.

Transfoma ichomoe tu, fungua. Inveta ichomoe halafu subiri. Ndani kuna kapasita kubwa zinazotunza umeme kama volti 320 za DC hata baada ya kuchomoa. Mpe muda, halafu pima kwa maltimita kwenye miguu ya kapasita mpaka isome karibu na sifuri ndiyo uingize mkono. Kama maltimita huijui vizuri, mlipe fundi wa elektroniki afanye hiyo sehemu na wewe ukae unaangalia. Elfu kumi ishirini ya fundi sio hasara.

Vumbi lipulize kwa kompresa, presha ndogo, na feni uishikilie isizunguke. Kwenye gereji yoyote watakupulizia kwa hela ya soda. Maji hapana. Na kama utatumia zile spreyi za kusafishia breki kwenye chuma utakachokuja kukichomelea, soma kopo: zenye klorini zikikutana na mwanga na joto la kuchomelea zinatengeneza gesi yenye sumu kali sana. Usitumie. Sabuni na maji kwenye chuma inatosha, kikauke.

Halafu sasa vile vipimo ambavyo mimi sikuvifanya. Weka maltimita kwenye ohm, mashine ikiwa imechomolewa na swichi yake iko on. Pima kati ya pini ya ethi ya plagi na bodi, sehemu isiyo na rangi: isome karibu sifuri. Ikisoma wazi, ethi imekatika, ifunge upya, waya wa kijani na njano kwenye bolti ya bodi uliyoikwangua rangi. Kisha pima kila pini ya umeme na bodi: isisome chochote. Kisha bodi na matundu ya kutolea ya holda na klempu: isisome. Ikisoma hata kidogo, usiiuze mpaka ijulikane ni kwa nini. Maltimita peke yake haioni kila kitu, kwa sababu inapima kwa betri ndogo, ganda lililochoka linaweza kujificha mpaka volti zipande. Ndiyo maana transfoma za zamani mimi nazipeleka kwa fundi mwenye megga, anapima kwa volti 500. Mashine nzima inasoma megaohm kadhaa. Ikisoma chini, mara nyingi ni unyevu tu, inakaushwa juani siku mbili tatu au kwa balbu ya moto ndani ya boksi, inapimwa tena.

Plagi ya pini mbili kwenye mashine ya kuchomelea ikate utupe. Pale waya unapoingia kwenye bati weka mpira wa kuzuia msuguano. Unauzwa shilingi mia chache. Mimi ulinigharimu kidogo tu chini ya laki sita kwa kutokuwepo.

Rangi iwe ya mwisho, na isifunike kibati wala matundu ya hewa. Kuna wateja wanaogopa mashine iliyong'arishwa sana, wanadhani unaficha kitu, na kusema kweli mara nyingi wako sahihi. Piga picha kabla, wakati iko wazi, na baada.

VIFAA VINGINE VYA KARAKANA

Hapa nitapita haraka ila grenda inabidi nisimame, kwa sababu ndiyo inayoumiza watu wengi kuliko mashine yenyewe ya kuchomelea.

Grenda ya mtumba karibu zote hufika bila kile kikinga cha diski. Mafundi hukitoa ili diski kubwa iingie. Elewa hatari yake: grenda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski ya inchi 7 imetengenezwa isizidi kama 8,500. Ukiilazimisha kwenye grenda ndogo, itapasuka na vipande vinaenda usoni na shingoni. Usiuze grenda bila kikinga. Tafuta kinachoingia au ununue mpya, na kama hakipatikani iuze kwa vipuri na useme hivyo. Diski nazo zina tarehe ya mwisho, imechapwa kwenye ile pete ya chuma katikati. Ukipewa boksi la diski za bure na grenda, soma hiyo pete kwanza. Na grenda za Japani za inchi 4 zina tundu dogo la diski kuliko za inchi 4 na nusu. Mteja asipoambiwa, atanunua diski, zitamkataa, na lawama ni yako.

Ndani ya grenda, angalia kaboni. Zikiwa fupi chini ya milimita 5 hivi badilisha zote mbili kwa pamoja. Cheche kidogo pale zinapogusa amecha ni kawaida. Moto unaozunguka amecha nzima kama pete ya bluu maana yake kaboni zimeisha au amecha yenyewe inakufa. Badilisha kaboni, jaribu tena. Ikibaki vile vile, ni amecha, piga hesabu upya. Beringi zina namba zake ubavuni, nenda nazo dukani mkononi, usikariri.

Jiliwa, nyundo, tupa, spana na patasi za chuma ndiyo faida isiyo na kelele. Watu wanaziuza kwa kilo kwa sababu ya kutu. Spana na patasi zilaze kwenye siki usiku mmoja, asubuhi piga brashi ya waya, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ile asidi, kausha hapo hapo, paka oili. Ukichelewa kukausha kutu inarudi ndani ya saa moja. Patasi ya chuma iliyochanua kichwani kama uyoga isage mpaka kingo ziishe, vile vipande huruka machoni. Nyundo inayocheza mpini weka kabari mpya, usiipigie msumari. Jiliwa kubwa ikaguliwe nyufa kwenye taya na meno ya skrubu yake. Ikiwa nzima, kaa nayo, usiiuze kwa haraka, mnunuzi wake atakuja na hatabishana sana.

HESABU YA MASHINE MOJA

Hii ni yangu kabisa, transfoma ya ampia 200. Kununua 150,000. Bajaji 15,000. Nyaya za kopa za milimita 16, 60,000. Holda na klempu 25,000. Feni 15,000. Fundi na megga 30,000. Praima na rangi 12,000. Rodi za kujaribia 8,000. Jumla 315,000. Niliiuza 390,000 baada ya wiki tatu. Faida 75,000, na siku zangu mbili za kazi sijazihesabu. Unaona nyaya na holda zimekula 85,000? Kama ningenunua ileile ikiwa na nyaya nzima kwa 190,000 ningekuwa nimeshinda zaidi. Siku hizi nalipia nyaya.

KUPOSTI NA KUKABIDHI

Picha ya kwanza iwe mashine yote, ya pili kibati kinachosomeka, ya tatu ndani ikiwa wazi, ya nne plagi. Video moja ya rodi nzima ikiteketea bila kukata, na sauti yake, usiweke muziki. Maelezo yaandike hivi: "Transfoma, fezi moja, volti 230, inachoma rodi 2.5 siku nzima na 3.2 kwa kupumzisha. Imebadilishwa nyaya, holda, feni. Ethi imepimwa. Hendo ina mkwaruzo, inafanya kazi." Ule mkwaruzo uliousema mwenyewe unakuuzia kuliko sifa kumi.

Muulize mteja anaichomeka wapi. Akisema soketi ya ukutani sebuleni, mwambie ukweli: kwa rodi ya 3.2 anahitaji soketi yake ya ampia 32 na waya mnene kutoka kwenye meinswichi, umefungwa na fundi umeme. Waya wa kurefusha ule mwembamba wa kukunja unayeyuka. Nimewahi kupoteza wateja wawili kwa kusema hivyo, sawa tu. Mwambie pia avae barakoa yenye kioo namba 10 au 11, sio miwani ya jua. Mimi naweka kioo kimoja kama zawadi, ni bei ndogo.

Mzigo wa mkoani: mashine ya mafuta isafiri imesimama, na kondakta aambiwe. Ya kawaida funga holda pembeni isigonge bati. Hela ya simu angalia salio lako, usiamini meseji aliyokuonyesha yeye au iliyoingia kutoka namba ya kawaida.

Garantii natoa siku saba, kwa maandishi. Kabla ya kukabidhi napaka tone la rangi ya kucha kwenye vichwa vya skrubu za bodi. Ikirudi na rangi imevunjika, najua imefunguliwa, tunaongea tofauti. Ikirudi rangi ikiwa nzima, narudisha hela au narekebisha bila maneno. Mpaka sasa zimenirudia mbili, moja ilikuwa kosa langu, nyingine jamaa aliifunga kwenye fezi mbili.

Swali la mafuta ya zile mashine za mafuta, yanabadilishwaje na yapi yanafaa, nimeliona. Ni mada ndefu, nitaiandikia siku yake.